Namna ya Kupima Thamani ya Kadi Katika Drafti ya Magic: The Gathering

Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, una namna nyingi za kuchezwa, lakini drafti ndiyo inayowaanzisha wachezaji wote mahali pamoja, kwa kuwa hakuna anayekuja na bunda la kadi alilolinunua na kulipanga nyumbani. Wachezaji wanane huizunguka meza. Kila mmoja hufungua pakiti, huchagua kadi moja na kumpitishia jirani wa kushoto zilizobaki, na hivyo hivyo mpaka kadi ziishe. Pakiti ya pili huzungushwa kulia, ya tatu hurudi kuzungushwa kushoto. Baada ya hapo kila mmoja hupanga bunda la kadi 40 kutokana na alizochagua, akiongeza ardhi za msingi, yaani kadi zinazotoa mana, nishati ya rangi mbalimbali ya kulipia kadi nyingine, ambazo kwa kawaida hutolewa bure, kisha mechi huanza, kila upande ukiwa na pointi 20 za uhai. Anayecheza kwenye simu kupitia Magic Arena hufuata utaratibu huo huo, ingawa katika aina moja ya drafti za humo majirani zake ni programu ya kompyuta na si watu.

Mwongozo huu unahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kuitazama kadi na kuamua ina thamani gani kwako kwa wakati huo. Ninauandika nikiamini kwamba kadi ipimwe kwa kile itakachofanya katika mechi ya kawaida, ambayo ardhi zinakuja kwa kusuasua na mpinzani yuko macho, wala isipimwe kwa kile inachoweza kufanya siku ambayo mambo yote yamenyooka. Wengi wanaoshindwa katika drafti wanazijua kanuni za mchezo vizuri kabisa. Wanachokosea ni kusoma kadi kwa matumaini.

Hatua ya kwanza: soma gharama kabla ya maajabu

Jicho la mchezaji mgeni hukimbilia picha, kisha maandishi marefu, na mwisho kabisa hufika kwenye pembe ya juu kulia inakoonyeshwa gharama ya mana. Geuza mpangilio huo. Anza na gharama, kisha aina ya kadi, kisha, ikiwa ni kiumbe, tarakimu mbili zilizo chini, ya kwanza ikiwa nguvu yake ya kushambulia na ya pili uimara wake. Maandishi yasome mwisho, tena uyasome yote, kwa sababu neno moja kama «anayeshambulia» au «asiye mweusi» linaweza kupunguza thamani ya kadi kwa nusu.

Ili gharama iwe na maana ni lazima uwe na kipimo cha kulinganishia. Kipimo cha zamani, ambacho bado kinafaa kuanzia, ni Grizzly Bears, kiumbe wa mana 2 mwenye 2/2 asiye na neno lolote la ziada, na Hill Giant, wa mana 4 mwenye 3/3. Kwa viumbe wanaoruka, kipimo ni Wind Drake, mana 3 kwa 2/2, na Air Elemental, mana 5 kwa 4/4. Seti (yaani matoleo ya kadi) za miaka ya karibuni hutoa zaidi ya hapo kwa gharama ile ile, kwa hiyo kiumbe anayelingana tu na vipimo hivi leo ni wa kujazia nafasi. Ukikutana na kadi mpya, jiulize: nikilinganisha mwili huu na kipimo, nimepunjwa au nimeongezewa? Kama nimepunjwa, maandishi yananilipa fidia kiasi gani, na yatanilipa lini? Kiumbe wa mana 4 mwenye 2/2 amekupunja waziwazi, lakini Gravedigger ana umbo hilo hilo na huchukuliwa mapema, kwa kuwa anapoingia mezani humrudisha mkononi kiumbe aliyekwisha kufa, na fidia hiyo hulipwa papo hapo.

Neno «papo hapo» lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Kiumbe ambaye faida yake inahitaji abaki hai hadi zamu yako ijayo ana hatari ya kuuawa kabla hujafaidi chochote, ilhali yule anayetoa faida anapoingia amekwisha kukulipa hata akifa sekunde inayofuata. Ukiona kadi mbili zinalingana kwa kila kitu isipokuwa hapo, chukua inayolipa mapema.

Hatua ya pili: hesabu kadi zinazotoka na zinazoingia

Kila kadi unayocheza ni moja kati ya chache ulizonazo mkononi, kwa hiyo pima itakurudishia ngapi au itamnyang'anya mpinzani ngapi. Divination, ya mana 3, inatoka moja na kuleta mbili. Elvish Visionary, kiumbe mdogo wa 1/1 kwa mana 2, anajilipa mwenyewe kwa kukupa kadi moja, na kile kimwili chake kinabaki mezani kuzuia shambulio au kubeba silaha. Mulldrifter hukupa kadi mbili na bado hukuachia 2/2 anayeruka. Flametongue Kavu wa mwaka 2001, mana 4 kwa 4/2, alipata sifa kwa hesabu hiyo hiyo, kwani akiingia humpiga kiumbe mmoja madhara 4, hivyo kadi moja huua kadi moja na kubaki na mshambuliaji wa nguvu. (Ana mtego wake: akiingia pasipokuwa na kiumbe mwingine yeyote mezani, hana budi kujielekezea madhara hayo mwenyewe, naye hufa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi yasomwe yote.)

Upande wa pili wa hesabu hii ndio unaowaumiza wengi. Holy Strength ni kadi ya mana 1 inayobandikwa juu ya kiumbe wako na kumwongezea +1/+2. Inaonekana rahisi na yenye faida ya kudumu. Lakini mpinzani akiwa na kadi ya kuua, atamwua kiumbe huyo akiwa amebandikwa, nawe utakuwa umepoteza kadi mbili kwa moja yake. Na akikuotea na kumwua wakati kadi yako ingali inasubiri kufanya kazi, matokeo ni yale yale. Kadi za kubandika zinazowalenga viumbe wako mwenyewe zinahitaji kutoa faida kubwa sana ndipo zistahili hatari hiyo. Hali hubadilika kabisa kadi ya kubandika inapomlenga kiumbe wa mpinzani: Pacifism, mana 2, humzuia kiumbe asishambulie wala asizuie, nayo ni miongoni mwa kadi za kawaida ambazo wachezaji wa rangi nyeupe huzipigania.

Hatua ya tatu: ipitishe kadi katika hali nne

Kama utaichukua hatua moja tu kutoka katika mwongozo huu, ichukue hii. Brian Wong aliieneza kupitia podikasti ya Limited Resources njia ya kuipima kadi katika hali nne ambazo mechi yoyote hupitia: mwanzo, wakati pande zote mbili zinajijenga, usawa, wakati meza imejaa viumbe na hakuna anayethubutu kushambulia, kuwa mbele, na kuwa nyuma. Kadi iulizwe kwa kila hali: nikiivuta sasa hivi, inafanya nini?

Tuzichukue kadi tano zinazojulikana tuone jinsi njia hii inavyozitenganisha.

Llanowar Elves ni kiumbe wa mana 1 mwenye 1/1 anayezalisha mana ya kijani. Akishuka katika zamu ya kwanza, anakupeleka hatua nzima mbele ya mpinzani, na kwa hali ya mwanzo hana mpinzani wa karibu. Katika zamu ya 10, ukiwa na ardhi saba mezani na hakuna kitu mkononi, kumvuta yeye ni karibu sawa na kutovuta chochote. Hivyo ni kadi nzuri ambayo uzuri wake hupungua kadiri mechi inavyorefuka, na inafaa zaidi kwa mwenye kadi za gharama kubwa za kuharakisha.

Giant Growth, mana 1, humpa kiumbe +3/+3 kwa zamu moja. Ukiwa mbele ni silaha kali, maana mpinzani akizuia anapoteza kizuizi chake, na asipozuia anakula madhara ya ziada. Katika usawa inaweza kushinda pambano moja. Ukiwa nyuma huna kiumbe wa maana wa kumpa, hivyo kadi hukaa tu mkononi. Kumbuka pia kwamba inahitaji kadi nyingine ili ifanye kazi. Yenyewe peke yake haifanyi lolote.

Angel's Mercy, mana 4, hukuongezea pointi 7 za uhai. Wanaoanza huipenda kwa sababu uhai ndio unaohesabiwa mwisho wa mechi. Ipitishe katika hali nne: mwanzoni umepoteza zamu nzima bila kuweka kitu mezani, katika usawa haibadilishi chochote, ukiwa mbele haihitajiki, ukiwa nyuma inakununulia zamu moja au mbili, huku viumbe wanaokushambulia wakibaki pale pale. Imefeli mara tatu na kupata nusu alama mara moja. Kadi ya uhai mtupu iache, isipokuwa uhai huo uje kama nyongeza juu ya kiumbe mwenye mwili wa kutosha.

Serra Angel, mana 5, ni 4/4 anayeruka na ambaye akishambulia kadi yake hailazwi ubavu kuonyesha kuwa imetumika, kwa hiyo zamu ya mpinzani inapofika bado yuko tayari kuzuia. Mwanzoni anachelewa, kwa kuwa mana 5 hazipatikani upesi. Katika usawa anavunja meza iliyokwama kwa sababu anapita juu ya viumbe wote wa chini. Ukiwa mbele anafunga mechi upesi. Ukiwa nyuma anasimama mlangoni na kuzuia, na baada ya zamu chache yeye huyo huyo anaanza kushambulia bila kukuacha wazi. Hali tatu kati ya nne amezimudu vyema.

Murder, mana 3, humwua kiumbe yeyote wakati wowote. Haina hali inayoishinda kabisa. Haiongezi kitu mezani kwako, na hilo ndilo pungufu lake pekee, lakini huondoa kizuizi ukiwa mbele, huua tishio ukiwa nyuma, na katika usawa hufungua njia.

Uzito wa hali hizi nne haulingani. Mimi naipa hali ya kuwa mbele uzito mdogo kuliko zote, kwa sababu mechi ambayo tayari unaishinda huhitaji msaada mdogo. Kadi nyingi zinazomeremeta katika simulizi za wachezaji, zile zinazozidisha viumbe wako maradufu au kuwapa wote nguvu kwa mana 6, huhitaji kwanza uwe na meza iliyojaa. Na mwenye meza iliyojaa mara nyingi angeshinda hata kwa kadi ya hivi hivi. Kadi inayokufufua ukiwa nyuma, au inayovunja usawa, huongeza idadi ya mechi unazoshinda kweli.

Hatua ya nne: tenga mabomu, kadi za kuondoa na viumbe wanaokwepa

Bomu ni kadi ambayo isipojibiwa upesi inashinda mechi peke yake, hata ukiwa huna kitu kingine. Usidhani kila kadi adimu ni bomu. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mabunda ya kupangwa nyumbani, na katika drafti hazina kazi. Mfano wa bomu la kweli lisiloonekana ni Pack Rat wa seti ya Return to Ravnica ya mwaka 2012. Ni panya wa mana 2, na nguvu na uimara wake vyote viwili ni sawa na idadi ya panya ulionao. Kwa mana 3 na kutupa kadi moja kutoka mkononi, unatengeneza nakala yake. Msomaji wa haraka huona kiumbe wa 1/1 anayekula kadi zako. Msomaji makini huona kwamba kila kadi mkononi, hata ardhi ya ziada, sasa ni panya anayewakuza panya wenzake wote, na kwamba mpinzani akimwua mmoja, wewe unaunda mwingine. Wachezaji waliomfahamu walicheza zamu baada ya zamu bila kushusha kadi nyingine yoyote, na walishinda.

Kadi za kuondoa zichunguze kwa maswali matatu: inaua nini, kwa bei gani, na lini. Lightning Bolt hupiga madhara 3 kwa mana 1 na wakati wowote; haiwezi kumwangusha jitu la 6/6, lakini katika drafti viumbe wengi wanaosumbua mapema wana uimara wa 3 au chini, na akiba ya mana unayopata hukuruhusu kushusha kiumbe katika zamu ile ile. Doom Blade, mana 2, humwua yeyote asiye mweusi, kwa hiyo itakwama ukikutana na bunda jeusi. Kadi ya mana 5 au 6 inayoua chochote bado inafaa, ila moja au mbili zinatosha. Ukiwa nazo nne utakuwa umekufa kabla ya kuzitumia. Zile zinazoua vifaa na si viumbe, mfano Naturalize, kwa kawaida zibaki nje ya bunda mpaka ujue mpinzani ana nini, na kwenye Arena, ambako drafti nyingi huchezwa kwa mchezo mmoja mmoja, nafasi ya kuzibadilisha huipati.

Kuhusu kukwepa vizuizi, kuruka kunaongoza. Kiumbe wa 2/2 anayeruka kwa mana 3 anaonekana mnyonge, lakini akipiga mara tano umeondoa nusu ya uhai wa mpinzani huku wa chini wakitazamana.

Hatua ya tano: pima kama utaweza kuilipia

Hapa hesabu husema ukweli ambao hisia huukataa. Bunda la kawaida la drafti lina ardhi 17 kati ya kadi 40. Ukianza wewe mechi, kufikia zamu ya sita utakuwa umeona kadi 12, na uwezekano wa kuwa na ardhi sita au zaidi kati ya hizo ni takriban asilimia 39 tu. Maana yake ni kwamba Colossal Dreadmaw, dinosau wa 6/6 kwa mana 6, mara nyingi zaidi hatashuka katika zamu ya sita, hata ukiwa umemshika mkononi tangu mwanzo. Si kadi mbaya, na katika bunda la kijani mmoja ana kazi yake. Lakini anayejaza bunda kwa kadi sita za aina hiyo atatumia nusu ya kwanza ya mechi akitazama tu.

Rangi nazo zina bei. Murder inadai mana mbili nyeusi kati ya tatu. Ukiwa na ardhi 8 nyeusi katika bunda la rangi mbili, uwezekano wa kuwa na angalau mbili kati ya kadi 10 za kwanza ni karibu asilimia 66. Ukiwa nazo 9, unapanda hadi asilimia 73 hivi. Kadi inayodai mana moja tu nyeusi, kwa ardhi zile zile 8, unaweza kuilipia kwa zaidi ya asilimia 92 kufikia wakati huo. Kwa hiyo kadi mbili zenye nguvu inayokaribiana zisihesabiwe sawa ikiwa moja inadai alama mbili za rangi na nyingine moja, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi katika kadi unayotaka kuishusha zamu ya pili au ya tatu.

Kutokana na hayo, bunda lenye afya huwa na viumbe kama 15 hadi 17, watano au sita kati yao wakiwa wa mana 2, na idadi ikipungua kadiri gharama inavyopanda. Ngazi hiyo ya gharama ndiyo inayofanya kadi ya kawaida ipande thamani ghafla katikati ya drafti, kama tutakavyoona.

Hatua ya sita: iweke kadi ndani ya drafti yenyewe

Pakiti za sasa, tangu mfumo ulipobadilishwa mwaka 2024, huwa na kadi 14 za kuchezea, mojawapo ikiwa ardhi. Katika mzunguko wa kwanza unaziona pakiti zote nane, ya kwanza ikiwa na kadi 14 na ya nane ikiwa na 7, jumla kadi 84 kati ya 112 zilizofunguliwa mezani. Unapofika kwenye chaguo la tisa, ile pakiti uliyoifungua wewe inakurudia ikiwa na kadi 6. Kumbuka kilichokuwemo. Kama kadi nzuri ya kijani uliyoiacha imerudi baada ya watu saba kuiona, huenda rangi ya kijani haina wengi. Kama nzuri zote za kijani ulizoziacha zimetoweka, umepata jibu la kinyume.

Katika machaguo manne au matano ya mwanzo, chagua nguvu tupu na usijali sana kuchanganya rangi. Tuseme pakiti yako ya kwanza ina Serra Angel, Murder, Colossal Dreadmaw, Giant Growth, Divination na kiumbe wa mana 2 wa kijani mwenye 2/2. Mjadala wa kweli ni kati ya mbili za kwanza, na mimi ningemchukua Serra Angel, kwa kuwa Murder humjibu mtu lakini yeye huwalazimisha wengine wajibu. Atakayechagua Murder hajakosea. Atakayechagua Dreadmaw kwa sababu ya zile 6/6 amekosea.

Sasa hamia kwenye pakiti ya tatu, chaguo la nne. Umeshika kadi 31, bunda lako ni jeupe na kijani, una Serra Angel, Dreadmaw wawili, viumbe wengine wanne wa mana 5, na wa mana 2 ni wawili tu. Mbele yako kuna Dreadmaw wa tatu na kiumbe wa mana 2 wa kijani mwenye 2/2 na nyongeza ndogo. Kwa nguvu tupu Dreadmaw anamzidi, na angemzidi katika pakiti ya kwanza pia. Lakini wa tatu atakaa mkononi karibu na ndugu zake wawili, huku mpinzani akiwa amekwisha kukupunguzia uhai hadi 11. Chukua wa mana 2, tena bila kusita. Kadi haikubadilika, kilichobadilika ni kazi inayohitaji kufanywa.

Kati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kigumu, nacho ni katikati ya pakiti ya pili, ambapo inakubidi uamue rangi zako na kuziacha kadi nzuri za rangi nyingine. Ukumbuke kwamba katika pakiti ya pili anayekulisha ni jirani wa kushoto, yule yule uliyempitishia kadi katika ya kwanza. Ukiwa ulimpitishia nyekundu nzuri tatu, usishangae nyekundu ikikauka sasa. Unahitaji kadi 23 hivi za rangi mbili kutoka katika chaguo 42, kwa hiyo nafasi ya kupoteza si kubwa kama inavyoonekana, na kadi ya kiwango cha kati iliyo katika rangi yako ina thamani kuliko nzuri ambayo haitaingia bundani.

Hatua ya saba: ijue kasi ya seti

Kadi hiyo hiyo hubadilika thamani kutoka seti moja hadi nyingine. Zendikar ya mwaka 2009 ilikuwa na kasi kali. Washambuliaji wa bei nafuu walitawala, na aliyesubiri zamu ya sita mara nyingi hakuifikia. Miezi michache tu baadaye, mwaka 2010, ikaja Rise of the Eldrazi, ambamo majitu ya mana 8 na zaidi yalichezwa kwa kawaida, na kiumbe wa 2/2 wa mana 2 alikwama mbele ya vizuizi. Kabla ya kucheza seti mpya, pitia orodha ya kadi zake za kawaida, si adimu, kwa kuwa hizo ndizo utakazokutana nazo kila meza. Angalia viumbe wa kawaida wa mana 2 na 3 wana uimara gani, kadi za kuua za bei nafuu ni ngapi, na kadi za rangi mbili, ambazo kwa kawaida huwekwa kwa kila jozi kati ya jozi 10 za rangi, zinasema kila jozi inakusudia kufanya nini. Ikiwa jozi ya nyeusi na nyekundu imejengwa juu ya kutoa viumbe kafara, kiumbe mnyonge anayeacha kitu anapokufa atapanda hadhi ndani ya jozi hiyo na kubaki takataka nje yake.

Hatua ya nane: takwimu zisome ukijua zinapima nini

Tovuti ya 17Lands hukusanya rekodi za mechi za Magic Arena kutoka kwa wachezaji waliojiunga nayo na kuonyesha, kwa kila kadi, asilimia ya michezo ambayo mchezaji alipata ushindi pale kadi hiyo ilipokuwa mkononi tangu mwanzo au ilipovutwa baadaye. Ni chombo kizuri, lakini kina mitego. Wachezaji wanaojiunga kwa jumla ni hodari kuliko wastani, kwa hiyo kadi yenye asilimia 52 inaweza kuwa chini ya wastani wa kadi zote za seti. Ilinganishe na wastani huo, usiilinganishe na 50. Pili, kadi ya bunda la kasi hubebwa na bunda lenyewe: kama jozi moja ya rangi inashinda sana, hata kadi zake dhaifu zitaonekana nzuri. Tatu, kadi inayofaa katika bunda la aina moja tu huchezwa na wale wanaojua kuitumia, na asilimia yake haitakuwa yako ukiitia popote. Angalia pia wastani wa nafasi ambayo kadi huonekana mara ya mwisho katika pakiti, maana kadi yenye ushindi mkubwa ambayo hupita hadi chaguo la saba ndiyo utakayoipata kweli, ilhali bomu linalochukuliwa na kila mtu halikufundishi kitu.

Baada ya kila drafti, kabla hujaingia nyingine, andika kando kadi zilizokuwa mkononi mwako wakati unashindwa. Usiandike zilizokupa ushindi, hizo utazikumbuka bila kuandika. Orodha ikionyesha kadi za mana 6 mara kwa mara, rudi hatua ya tano. Ikionyesha kadi za kubandika na za kumwongezea kiumbe nguvu huku meza yako ikiwa tupu, rudi hatua ya tatu. Na ikionyesha ardhi tu, angalia kama ulitia 18 badala ya 17 kabla ya kuilaumu bahati.